Nusu saa ya kimya kabla ya adhana

Mtu wa pwani akienda Nairobi kutibiwa macho, watu humngojea nyumbani wamuulize ameona nini. Mimi nimerudi Kibokoni na habari za nilichosikia. Na nilichosikia, kusema kweli, kilikuwa ni kimya.

Nilikaa majuma saba Komarock, katika mitaa ya Eastlands, kwa binti yangu na mumewe. Niliondolewa mtoto wa jicho, kwanza jicho la kulia, kisha la kushoto. Daktari alinikataza mambo matatu: nisibebe kizito, nisisugue jicho, wala nisiinamishe kichwa kwa siku kadha. Hilo la tatu ndilo lililoniuma. Nikawa naswali juu ya kiti, rukuu na sijida kwa ishara, kama sheria inavyomruhusu mgonjwa. Kusoma nako kulikatika. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, kijitabu cha uradi kimo sandukuni, na mimi nimeketi gizani kama mzigo uliosahauliwa gatini.

Kwa msomaji asiyefika huko, Komarock iko mashariki ya jiji, baina ya barabara ya Kangundo na mtaa wa Kayole. Nyumba zake za mwanzo ni za mwishoni mwa miaka ya 1980, na waliozinunua wengi walikuwa watu wa mishahara waliolipa kwa mkopo, mwezi baada ya mwezi. Nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu, ukuta mmoja watu wawili. Jina lake ni la mlima wa mawe ulio mbele zaidi katika barabara hiyo hiyo ya Kangundo, upande wa Machakos. Sikio la Mpwani likisikia "koma" husikia amri ya kuacha. Lakini mimi sijaona mtaa usiokoma kama ule. Mchana ni honi za matatu na makonda wakiita abiria. Usiku ni pikipiki. Na Ijumaa kuamkia Jumamosi ni makesha ya makanisa, vipaza sauti vikishindana mpaka kuche.

Ndani ya kelele hizo zote, nikagundua kwamba kulikuwa na nusu saa moja ambayo mtu fulani alikuwa ameitenga.

Mlio wa nyuma ya ukuta

Mtu aliyefungwa jicho husikia mengi. Kila siku, saa kumi na nusu alfajiri, nilisikia nyuma ya ukuta wa chumba changu kiti kikivutwa. Kisha kiberiti. Kisha hapana kitu kabisa. Hapana nyimbo, hapana maombi ya sauti, hapana redio. Baada ya nusu saa husikika mlio mwembamba wa saa ya mezani, kiti kinarudishwa, na ufagio unaanza kazi uani. Dakika chache baadaye adhana ya alfajiri hutokea upande wa Kayole, nami huinuka.

Siku ya kwanza sikujali. Siku ya tano nilishaanza kungojea. Siku ya kumi nilimwuliza binti yangu, "Jirani huyu ni mgonjwa? Hupima dawa kwa saa?"

Binti yangu akacheka. "Baba, huyo ni Mwalimu. Anasali."

Nilikataa. Nimeishi na Wakristo bandarini miaka thelathini, nikiwa karani. Najua wanavyosali: wanaimba, wanasema, wanapiga makofi. Kukaa kimya nusu saa juu ya kiti sikujua kwamba nako ni sala kwao. Na hapa nafikiri sikuwa peke yangu. Sisi wa pwani tumekaa na Wakristo tangu siku za Wareno waliojenga Ngome ya Yesu, nasi tunayajua majumba yao ya ibada kwa nje. Ya ndani hatujayauliza.

Jumapili moja Mwalimu alipita kutupa pole, na binti yangu akamkaribisha chai ukumbini. Ni mama wa Kikamba, mjane, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na mfuasi wa Kanisa Katoliki. Aliniita Shehe. Nikamwambia mimi si shehe, ni mzee tu. Akasema, "Basi Mzee, macho yanaendeleaje?" Nikamjibu kwamba macho ni mazuri, ila masikio yana swali. Nikamweleza habari ya kiti na kiberiti.

Aliona haya kidogo. "Kumbe nakuamsha!"

"Huniamshi, Mwalimu. Nakesha kwa maumivu. Nataka kujua tu unafanya nini."

Daftari la mahudhurio

Alichonieleza siku ile, na siku nyingine tulipokaa barazani pamoja na binti yangu, nitakiandika kama nilivyokifahamu.

Mwalimu huketi juu ya kiti kigumu, mgongo wima, nyayo zimekanyaga sakafu, mikono juu ya mapaja. Huwasha mshumaa mmoja, hufumba macho. Halafu huchukua neno moja na kulisema moyoni polepole, likifuata pumzi. Neno lake ni Maranatha. Ni la Kiaramu, lugha ndugu ya Kiarabu, nalo ni katika maneno ya kumalizia ya waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho. Maana yake kwao ni kumwomba Bwana aje. Hafikirii maana hiyo wala hatafuti kuona njozi. Analisema tu, na akili ikitoroka analirudia.

"Na akili haitoroki?" nikamwuliza.

"Mzee, haifanyi kazi nyingine! Mawazo ni kama watoto wa darasa la kwanza. Ukiwapigia kelele wanazidi. Unamshika huyu mkono, unamrudisha kwenye dawati. Ukigeuka, yule ameshatoka. Unamrudisha na yeye. Nusu saa inakwisha hivyo."

Baada ya kimya husoma kipande kifupi cha Injili, mara moja kwa haraka, mara ya pili polepole, akisimama penye neno lililomgusa. Kisha hutaja watu anaowaombea, kwa majina. Usiku, kabla ya kulala, hukaa dakika kumi akiipitia siku tangu asubuhi: wapi ameshukuru, wapi amekosa, nani amemuumiza, nani ameumizwa naye. Hayo mawili, kimya cha alfajiri na hesabu ya usiku, ndiyo nguzo zake. Aliyajua katika mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ibada, kwenye kituo cha Mwangaza cha mapadre Wajesuiti huko Karen, na tangu hapo ameyafanya miaka kumi na moja.

Nilimwuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: hupata nini? Raha? Nuru?

Akaniambia siku nyingi hapati kitu. Kuna miezi mizima mikavu, goti linamuuma, anasikia jogoo, anawaza bei ya unga. Kisha akaenda kwake akarudi na daftari. Lilikuwa daftari la shule la mistari, nalo limejaa tarehe, na mbele ya kila tarehe alama moja ya wino. Siku aliyokosa ameacha wazi. Hakuna neno jingine lolote.

"Miaka yote niliyofundisha," akasema, "asubuhi nilikuwa naita majina. Sikuandika mtoto huyu amefurahi au hakufurahi. Niliandika amefika. Asiyefika hafundishiki. Basi nami naandika kama nimefika."

Neno hilo, kufika, ndilo lililonitoa usingizini kuliko kiti chake. Kwa maana sisi tunalo. Maulamaa wetu wanasema sala ina mwili na ina roho, na roho yake ni kuhudhuria kwa moyo. Mimi kiwiliwili changu kilikuwa kimehudhuria msikitini miaka hamsini. Moyo wangu, kama ungeitwa jina kila siku, ungekutwa daftari lake lina nafasi wazi nyingi.

Njia hii si ngeni

Wasomaji wengine watasema, haya ni mambo ya Wazungu wa leo. Yafaa tutazame tarikhi.

Mwanzo wake ni Misri. Karne mbili na zaidi kabla ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, kulikuwa na Wakristo waliohama miji wakaingia jangwani kusali. Mashuhuri wao ni Antonio, aliyefariki mwaka 356. Mtawa aitwaye Yohane Cassian alikwenda kwao akajifunza, na alipofika Marseille, Ufaransa, aliandika namna walivyokuwa wakirudia aya moja fupi ya Zaburi mchana na usiku, wakifanya kazi, wakila, mpaka ikawa kama pumzi.

Njia hiyo ikagawanyika. Upande wa mashariki, katika milima ya Sinai na baadaye Athos huko Ugiriki, watawa wa Othodoksi walishika jina la Yesu, wakiliita kwa kuomba huruma na kuhesabu kwa kamba ya mafundo. Mtu akiiona kamba ile atadhani ni tasbihi. Nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katarina, Sinai, imo humo tangu karne ya 6, na ndani ya kuta zake umo msikiti uliojengwa zama za Makhalifa wa Kifatimia. Watawa wanahifadhi nakala ya hati ambayo wao wenyewe husema ni ahadi ya ulinzi kutoka kwa Mtume Muhammad.

Upande wa magharibi alitokea askari wa Kibaski, Ignatius wa Loyola. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu vitani Pamplona. Akalazwa miezi mingi, na kwa kukosa la kufanya akaanza kusoma habari za Yesu na za watawa, akaingia katika kujihoji. Kitabu chake cha mazoezi ya roho kilipigwa chapa mwaka 1548, na hiyo hesabu ya usiku ya Mwalimu wa Komarock ni katika mafunzo yake. Nilipoambiwa habari ya mguu nilicheka nikagusa bandeji yangu. Maradhi huwaketisha watu wengi ambao hawangeketi.

Na hilo neno moja, Maranatha, lilirudishwa kwa watu wa kawaida na padre mmoja, John Main. Alizaliwa London mwaka 1926. Kabla ya upadre alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya katika miaka ya 1950, na huko alifundishwa kukaa kimya na swami wa Kihindi. Baadaye akiwa mtawa aliwasoma wale wazee wa jangwani, akaona kwamba jambo lile lilikuwamo nyumbani kwake. Mwaka 1975 alianza kukusanya watu London, wake kwa waume, wenye kazi na watoto: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, basi. Alifariki Kanada mwaka 1982.

Isidhaniwe kwamba Wakristo wote wameridhia. Mwaka 1989 Vatikani ilitoa waraka, uliotiwa sahihi na Kadinali Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa, kuwatahadharisha waumini wasichanganye sala yao na njia za Uhindi na Ubudha bila kupima. Na papo hapo Komarock, Mwalimu aliniambia, kuna majirani wa makanisa ya uamsho wanaomhurumia, kwa kuwa kwao maombi yasiyo na sauti ni maombi yaliyolala. Waprotestanti nao wana lao. Ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937, uliwazoesha watu wengi kuamka mapema, kusoma Biblia na kukaa na Mungu kabla ya kutoka nyumbani. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Eastlands, alfajiri moja, kuna anayepaza sauti, kuna anayesoma na kuna anayenyamaza.

Tunapopishana

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu nilipigiwa simu na rafiki kutoka Mombasa. Alisikia kwa watu wa nyumbani kwamba nakaa barazani na mwalimu wa Kikristo tukizungumza sala. Akauliza kama pamoja na macho nimebadilishwa na dini.

Hapana. Mwalimu anapomwita Bwana katika kimya chake, anamwita Yesu kwa imani ambayo sisi hatuna. Nabii Isa kwetu ni mtume mtukufu, mwana wa Mariamu, wala hatumwombi. Hilo si dogo, na mimi na Mwalimu hatukujaribu kulifanya dogo. Alilisema upande wake na mimi nikalisema wangu, chai ikiwa moto. Hakunipa kitabu, sikumpa kitabu.

Tena Kurani, katika sura ya Hadidi, inasema habari ya utawa kwamba ni jambo walilolizusha wenyewe, na hawakulichunga inavyostahiki. Lakini katika sura ya Maida inawataja makasisi na watawa ambao hawana kiburi. Na masahaba walijua hivyo. Salman Mfarsi, kabla ya kumfikia Mtume, aliwatumikia watawa wa Kikristo mmoja baada ya mmoja, na ni mmoja wao aliyemwelekeza nchi ya Waarabu.

Nami nilimweleza Mwalimu kwamba kimya si kigeni kwetu. Mtume alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushukiwa na wahyi. Tuna itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tuna dhikri ya sauti na dhikri ya moyo. Tuna ratibu ya Imamu al-Haddad wa Tarim, aliyeishi baina ya mwaka 1634 na 1720, inayosomwa usiku katika misikiti mingi ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja. Na Imamu Ghazali, aliyeacha ukubwa wa Baghdad mwaka 1095 akaenda kujitenga Damascus, ameweka katika Ihyaa sehemu nzima ya kutafakari na nyingine ya muhasaba, mtu kujihesabu nafsi yake kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake. Hayo aliyaandika miaka mia nne na zaidi kabla ya yule askari wa Pamplona.

Mwalimu alisikiliza yote, akaniuliza kwa adabu, "Na wewe, Mzee, huwa unafanya ipi katika hizo?"

Nilinyamaza. Uradi nilikuwa nausoma, ndiyo, kwa ulimi, huku nikitazama saa. Na muhasaba nilikuwa nimeuacha kabisa, kwa sababu ambayo nilikuwa naijua.

Jina moja kila siku

Mimi nina ndugu yangu, tumbo moja. Baba alipofariki alituachia nyumba Mji wa Kale, na katika kugawana tuligawanyika. Kila mmoja ana karatasi zake na mashahidi wake. Jambo liko kwa Kadhi, na ni miaka sita hatusemezani. Msikiti wetu ni mmoja. Yeye husimama safu ya mbele upande wa kulia, mimi safu ya tatu karibu na mlango, ili nitoke kwanza. Sikuhitaji mtu wa kunifunza kwamba ni haramu Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Hadithi hiyo nilihifadhi chuoni, nikiwa mtoto, na aliyeketi ubavuni kwangu mkekani alikuwa ni yeye.

Sikumwambia Mwalimu haya. Yeye ndiye aliyenisimulia yake, siku nilipomwuliza kama kuna lolote katika miaka kumi na moja ambalo anaweza kusema, hili limetoka katika kile kiti.

Mumewe alipokufa, shemeji yake alitwaa shamba la Kangundo alilokuwa amelilima miaka ishirini. Akafukuzwa na watoto kwa maneno ambayo hakutaka kuyarudia. Katika mafungo alipewa sharti: katika majina anayoyataja alfajiri, aliweke na la shemeji. Haikuwa kwa sababu anampenda, wala ili shamba lirudi. Alitaje tu.

"Siku ya kwanza," akasema, "nililitaja kama mtu anayetema. Siku ya pili nikaruka. Ya tatu nikalitaja nikalia, si kwa kumhurumia, kwa hasira. Nilikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Nililiandika kwenye daftari kama mahudhurio mengine. Pasaka ikafika, tukapanda mlima Komarock na wanaparokia, kufuata Njia ya Msalaba, maana pale kuna mahali petu pa hija. Nilikuwa napanda, pumzi imenipaa, nikasikia moyo wangu unauliza kama yule mtu bado ana kile kikohozi. Nikasimama. Nikajiuliza, ni nani aliyeuliza?"

Binti yangu akasema, "Shamba alirudisha?"

"Hata hatua moja."

"Basi ulipata nini, Mwalimu?"

Alifikiri. "Nilikuwa silali," akasema. "Sasa nalala. Na kesi bado naifuata kortini, msidhani nimeiacha. Lakini naifuata kama kesi."

Usiku ule nilibaki macho, jicho moja likiwa limefungwa. Saa kumi na nusu kiti kikavutwa, kiberiti kikawaka. Nami nikaketi upande wangu wa ukuta. Nilishika tasbihi, nikaleta istighfari mia, polepole, neno moja pumzi moja. Mawazo yalitoka darasani yote. Niliyarudisha. Yakatoka. Sijui nilirudisha mara ngapi kabla ya mlio wa saa.

Baada ya swala ya alfajiri, katika dua, niliwataja wazazi, mke wangu marehemu, watoto, wajukuu. Nilipofika kwa ndugu yangu, nikagundua kwamba kwa miaka sita nilikuwa nikipita pale kama mtu anayeruka dimbwi, bila hata kuangalia chini. Nikasimama pale. Nikalitaja jina lake. Lilikuwa zito mdomoni kama jiwe, na sikuongeza neno.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Nilimtuma mjukuu dukani aninunulie daftari.

Safu ya mbele

Nimerudi nyumbani mwezi wa tatu sasa. Macho yameponya, nasoma msahafu bila miwani. Kusujudu nimeruhusiwa, na sijida ya kwanza baada ya majuma yale, wallahi, niliirefusha mpaka mjukuu akadhani nimezirai.

Nusu saa yangu ni kabla ya adhana, kwa istighfari na sala za Mtume, na dakika chache baada ya isha za kujihesabu. Siwezi kusema nimepata nuru. Kibokoni nako kuna paka, kuna mbu, na bomba la jirani linavuja usiku kucha. Katika daftari kuna siku kumi na nne nilizoacha wazi, nazo nimeziacha wazi.

Ijumaa ya juma lililopita nilichelewa kidogo, safu za nyuma zimejaa vijana, nikasogezwa mbele mpaka nikajikuta bega kwa bega na ndugu yangu. Imamu alipotoa salamu, nilimgeukia upande wa kulia kama sheria inavyotaka, kisha nikamgeukia tena na kumpa mkono. Akautazama mkono. Akaupokea.

Nje, muuza kahawa alikuwa na dele lake pale ukutani. Tulikunywa vikombe viwili viwili vya kahawa chungu. Aliniuliza habari ya jicho. Nikamwuliza habari ya sukari yake. Ya nyumba hatukuitaja. Karatasi zake anazo na zangu ninazo, na Kadhi atahukumu kwa haki, inshallah. Alipoondoka aliniambia, "Kaka, ukitoka Nairobi ungenipigia." Ni miaka sita sijaitwa hivyo.

Jioni binti yangu alipiga simu kunijulia hali. Akasema Mwalimu ameuliza kama Mzee amefika.

Nikamwambia, mwambie nimefika.